Swali Alilolimeza Fundi Viatu

Mtu akihamia ugenini hubeba vitu vya kuchekesha. Yupo aliyebeba kinu na mchi, akakuta huko aendako watu wanakaa ghorofani na jirani wa chini hapendi kelele. Yupo aliyebeba ufunguo wa nyumba ambayo keshaiuza. Yeye, mke wa mjenga barabara, alifika na begi la nguo, mto wake wa kulalia, na mimba changa isiyoonekana bado. Na chini ya hayo yote alibeba neno moja ambalo yeye na mumewe walikubaliana wasilitaje mbele ya mzee.

Mzee huyo ni baba mkwe wake. Alikuwa fundi viatu, na ndiye aliyetangulia kuja, zamani, akaweka kibanda chake cha mbao ubavuni mwa kituo cha mabasi. Ukikiona kibanda chenyewe ungedhani ni kabati lililosahauliwa na watu waliokuwa wakihama. Mwanawe alipomfuata alipata kazi ya barabara, ile ya kulala kambini, mbali, harudi nyumbani ila mwisho wa mwezi. Basi mke naye alipofika, alijikuta yumo chumba kimoja na baba mkwe, na mwenye mke hayupo.

Chumba kilikuwa juu ya duka la vipuri vya magari, kinapandwa kwa ngazi za chuma. Walikikata katikati kwa pazia zito la maua ya buluu. Upande wa dirisha ulikuwa wa mwanamke. Upande wa mlango ulikuwa wa mzee, pamoja na jiko, na gunia la viatu vilivyokuwa vikisubiri soli.

Na haya ya mkwe, jamani, si haya ya mchezo. Mzee alikuwa akianza kukohoa tangu chini ya ngazi, kikohozi kisicho na kifua ndani yake, ili mkwe ajue anakuja na ajitande. Yeye naye akimwekea chakula husema, "Karibu baba," huku akilitazama sufuria. Uso kwa uso hawakuwa na maneno. Lakini pazia likishashuka, kila mtu kakaa upande wake, ndimi zilifunguka.

"Umelala, mama?"

"Bado, baba."

"Leo kaja bwana mmoja na kiatu kimoja. Namuuliza, cha pili kiko wapi? Ananijibu, cha pili hakijaharibika, kwa nini nikitembeze bure?"

Mwanamke alicheka huku kauma ncha ya khanga. Alimpenda yule mzee. Hilo ni la kulisema mapema, maana mtu akisikia yaliyofuata anaweza kudhani palikuwa na chuki. Hapakuwa na chuki yoyote. Kama ingekuwepo, pengine angemwambia mapema.

Neno lenyewe ni hili. Mimba ile haikuwa ya kwanza. Huko kwao walikotoka, yeye na mumewe walikwisha kupata nyingine, na ilipokuwa imekua, miguu ilimvimba, kichwa kikamuuma kama kinapasuliwa kuni, kisha akaanguka kifafa. Alipozinduka walimwonyesha mtoto wa kiume aliyefungwa vizuri. Hakuwa amelia hata mara moja.

Mzee hakujua. Mimba hiyo hakuambiwa, kwa sababu habari ya tumbo haitangazwi kabla ya mtoto kulia. Na mtoto alipokosa kulia, ndipo mke wa mzee naye alipofariki hukohuko nyumbani, na mzee akamzika mkewe kwa simu, amekaa kwenye kibanda chake, watu wanamletea viatu. Mume akasema, "Baba ana moyo mwepesi. Tukimwongezea na mjukuu, tutamzika na yeye. Tutamwambia baadaye." Hiyo baadaye ilisogea, ikasogea, mpaka ikawa kusema ni kosa na kunyamaza ni kosa.

Sasa tumbo jipya lilipoanza kujitokeza, mzee aliliona. Siku moja tu aliacha juu ya meza mfuko wa machungwa, akatoka akikohoa. Ndiyo ilikuwa hongera yake.

Mwanamke alitaka kitu kimoja tu, mtoto huyu alie. Akaanza kutafuta pa kupimwa. Walikwenda kwanza hospitali kubwa, yeye na mzee, mzee katangulia hatua kadhaa kama hawajuani. Dirishani kijana mmoja alitaka kitambulisho cha ukaazi. Hakuwa nacho, bado kilikuwa kinashughulikiwa. Kijana akasema warudi kitakapotoka. Mzee akamshukuru, tena akainama kidogo, wakarudi nyumbani.

"Kitatoka lini, baba?"

"Wanasema hivi karibuni."

"Mtoto naye hivi karibuni."

Mzee alikohoa, na safari hii hapakuwa na ngazi.

Wakati huo mwanamke alikwisha kupata kibarua kwenye kiwanda cha dobi kilichofua mashuka ya mahoteli. Kazi yake ilikuwa kukunja. Shuka likitoka kwenye roli la mashine ya pasi, lina moto kama mkate, watu wawili wanalishika pembe nne, wanatembea kukutana, wanaachana, wanakutana tena, kama watu wanaocheza ngoma isiyo na muziki. Mwenzake wa kukunja alikuwa mama mmoja mnene aliyeitwa Shangazi Mvuke, kwa sababu alikaa mle ndani miaka mingi na hasira zake zilipanda na kushuka pamoja na mashine. Huyo walielewana lugha. Mdomo wake haukuwa na mlango.

"Wee," alimwambia siku moja wakikutana katikati ya shuka, "hilo unalolificha chini ya aproni ni foronya ngapi?"

"Shangazi, taratibu basi."

"Taratibu ya nini? Mwenye kukupa hilo alikuwa taratibu? Umeshapimwa?"

Alipoelezwa habari ya dirisha na kitambulisho, alitema mate pembeni, kisha akampa habari ya maana. Nyuma ya gereji ya mabasi ilikuwepo kliniki ndogo, ya mlango wa kijani, ambako mkunga mmoja aliwapokea wageni bila kuuliza karatasi. Ila mkunga huyo alijua lugha ya pale tu. Lazima uende na mtu wa kukutafsiria.

"Njoo nami wewe, Shangazi."

"Ngoja nimwombe msimamizi."

Msimamizi alikataa. Alisema watu wawili wakiondoka kwenye roli, mashuka yatajikunja yenyewe? Basi akabaki mtu mmoja tu, baba mkwe.

Mzee alifunga kibanda, akavaa koti lake la misiba na sherehe, wakaenda. Chumba cha mkunga kilikuwa kidogo, kina kitanda, mizani, na pazia lililofupika kwa kufuliwa. Mzee alipewa kiti katikati. Akakigeuza kikatazama ukuta. Ukutani palikuwa na picha kubwa ya mtoto ndani ya tumbo la mamake, kila kitu wazi. Akaona hapo napo hapatazamiki, akakigeuza tena, kikatazama mlango. Mkunga akasema jambo na kucheka.

"Amesema nini, baba?"

"Anauliza kama nasubiri basi."

Mkunga alikuwa mwanamke wa makamo, mikono yake ya joto, mwenye haraka lakini si mkali. Alipima presha, ikawa sawa. Alipima tumbo. Kisha akaanza kuuliza, na mzee akawa anatafsiri akiuelekea mlango.

Swali la kwanza mwanamke alilitambua hata kabla ya kutafsiriwa, maana mkunga alionyesha tumbo, kisha akahesabu kwa vidole hewani, moja, mbili, tatu, nyusi kazipandisha. Alitaka kujua hii ni ya ngapi. Mwanamke alifungua mdomo.

Mzee alikwisha jibu. Alijibu haraka na kwa furaha, kama mtu anayeulizwa jina lake. Kwake hapakuwa na haja ya kumuuliza mtu. Mwanawe kaoa juzi, mke kaja jana, mimba ni ya kwanza, kuna nini tena? Hata alijinyoosha kwenye kiti. Kutoka nyuma, mwanamke aliona shingo yake ilivyojaa fahari. Angeivunjaje shingo ile? Akafunga mdomo.

Yakafuata mengine. Mkunga alisema maneno marefu, yenye matawi, akigusa kichwa, macho, miguu, halafu akionyesha chini. Masikio ya mzee yakawa mekundu. Yale maneno yote, marefu kama kamba ya kisima, yakatoka kinywani mwake mafupi kama kifungo.

"Anauliza kama u mzima."

"Ni mzima, baba."

Mkunga akawaambia warudi baada ya mwezi. Njiani mzee alikuwa mchangamfu, akanunua machungwa mengine, akayabeba mwenyewe.

Kesho yake kwenye roli, Shangazi Mvuke alitaka habari yote. Aliposikia jinsi mambo yalivyokwenda aliliachia shuka, likaanguka sakafuni, kosa kubwa mle ndani.

"Baba mkwe anajuaje habari za uzazi wako? Alikuwepo?"

"Shangazi, hajui kama niliwahi kuzaa."

Akamsimulia. Shangazi Mvuke aliliokota lile shuka, akalitupa kwenye kapu la kufuliwa upya, akashika jingine.

"Sikiliza, mwanangu. Aliyewahi kuanguka kifafa cha mimba, pale hawamwambii mwezi. Wanamwita kila wiki. Wanampa na vidonge. Dada yangu walimfanyia hivyo, na mwanawe huyo sasa ananitukana kila nikienda kwao. Mwambie mzee."

"Nitamwambiaje mkwe habari ya damu na uchi?"

"Mficha uchi hazai," alisema Shangazi. Wakalikunja shuka, wakakutana, wakaachana.

Jioni alimpigia mumewe. Upepo wa kambini uliingia kwenye simu, na mlio wa mitambo.

"Mwambie baba wewe. Mimi siwezi."

"Si jambo la simu, mke wangu. Mama yetu alizikwa kwa simu. Nakuja mwisho wa mwezi, nitamkalisha chini nimwambie."

"Mwisho wa mwezi mbali."

"Si unajisikia vizuri?"

Alijisikia vizuri, ndiyo. Shida ya maradhi yale ni kwamba huja kwa adabu, hayabishi mlango kwa nguvu. Mwisho wa mwezi ulipofika, mvua ilikata barabara, na wale waliokuwa wakiijenga wakabakizwa kuikarabati. Mume hakuja. Alituma salamu.

Ndipo viatu vikaanza kumbana, na siku ya kurudi kwa mkunga bado.

Vilikuwa viatu vya ngozi nyeusi, vya kufunga, alivyopewa na mzee mwenyewe siku ya kufika. Akitoka dobini alivivua mlangoni, akabaki na alama nyekundu miguuni. Ukibonyeza kidole kwenye kifundo, shimo lilikaa. Yeye alilijua shimo lile, alikwisha kuonana nalo. Na mzee naye aliviona viatu. Fundi hatazami uso wa mtu, hutazama miguu, na miguu ya mkwe hakuitazama, lakini viatu vikiwa peke yao mlangoni havina haya na mtu. Aliona ngozi ilivyotanuka, uzi ulivyoanza kukatika ubavuni.

Angeweza kuuliza. Neno moja tu, "Mama, miguu ina nini?" Lakini hilo ni swali la mwili. Basi akafanya alilolijua. Asubuhi mwanamke aliamka akakuta viatu vyake vimelowekwa, vimetiwa kalibu ya mti, vimepanuliwa, na ubavuni vimeongezwa kipande cha ngozi laini kilichoshonwa kwa uzi wa nta, mshono mdogomdogo kama meno ya mtoto. Alivaa, vikamkaa vizuri. Alilia, maana hakuna aliyewahi kumfanyia jambo la upole kama lile, na maana alijua kilichokuwa kikipanuka hakikuwa viatu.

"Ahsante, baba," alisema akiwa nyuma ya pazia.

"Mvaaji asiumie, mama. Ndiyo kazi yetu."

Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema. Alijua, akachelewa, na mzee akaanza habari ya mteja aliyetaka kisigino kirefu mguu mmoja ili aonekane anapinda kama mtu mwenye mawazo. Wakacheka. Wakati ukapita.

Baada ya siku chache vikabana tena. Mzee akavipanua tena.

Asubuhi moja mwanamke alishindwa kunyanyuka. Kichwa kilikuwa kinapasuliwa kuni. Machoni vilikuwa vikiruka vimulimuli, na dirisha, alipolitazama, lilikuwa nusu. Upande wa pili nyundo ya mzee ilikuwa ikigonga soli aliyotaka kuimaliza kabla hajatoka, ko, ko, ko, na kila pigo lilimwingia kichwani.

"Baba."

"Naam, mama. Nakupigia kelele?"

"Mimba hii si ya kwanza."

Nyundo ikanyamaza.

"Kulikuwa na nyingine. Nilivimba hivihivi. Kichwa hivihivi, na vimulimuli machoni. Nikaanguka kifafa. Mtoto alikuwa wa kiume, hakulia."

Chini barabarani lori lilikuwa likirudi nyuma, mtu anapiga kelele, njoo, njoo, njoo, simama.

"Wa mwanangu?" mzee aliuliza.

"Wa mwanao, baba."

"Basi alikuwa mjukuu wangu."

"Alikuwa mjukuu wako."

Pazia likafunguliwa. Tangu alipofika, ilikuwa mara ya kwanza mzee kulishika pazia lile kwa mkono wake. Alimtazama usoni, akatazama miguu, akapiga magoti, akataka kumvisha viatu. Havikuingia. Akavitupa. Akambeba mgongoni, yeye mzee wa mifupa mitupu, wakashuka zile ngazi za chuma, mwenye duka la vipuri akaja kumshika miguu, wakampakia kwenye gari la kubebea injini.

Mlango wa kijani ulikuwa umefungwa, haikuwa siku ya kliniki. Wakaenda hospitali kubwa. Dirishani alikuwepo kijana yuleyule, na mzee hakumshukuru wala hakuinama. Alipiga kioo kwa kiganja, akasema kwa sauti ambayo watu wa benchi la mwisho waliisikia, kwamba huyu ni mke wa mwanawe, mimba ni ya pili, ya kwanza ilikufa kwa kifafa, miguu imevimba siku nyingi na yeye aliona, kichwa kinamuuma, macho yanaona vimulimuli, na kama kijana anataka kitambulisho basi achukue cha mzee mwenyewe, na akitaka amfunge jela yeye. Alipokuwa akisema hayo mwanamke aliteleza kwenye benchi na kuanza kutetemeka. Hapo milango yote ikafunguka. Watu wa hospitali hawakuwa wabaya. Walikimbia.

Walimpasua. Mtoto alikuwa wa kike, mdogo, wa miezi saba haijatimia. Safari hii alilia, sauti nyembamba kama ya kitasa kinachohitaji mafuta, na mzee aliisikia kupitia mlango. Walimtia kwenye sanduku la kioo lenye joto. Mzee alikaa naye, kaweka kiganja juu ya kioo, akimwambia maneno ya kwao, kila alichoweza kukumbuka, majina ya bibi zake, ya mito, ya mbuzi aliowachunga utotoni. Jua lilipofika dirishani pale, pumzi za mtoto zikaanza kupishana mbalimbali. Zikaachana, hazikukutana tena.

Mama yake alizinduka jioni. Hakuna aliyehitaji kumtafsiria. Aliuona mkono wa mzee, umekunjuka mtupu, akajua.

"Alilia?" aliuliza.

"Alilia, mama. Nimemsikia kwa masikio yangu haya."

Mume alifika siku ya pili, matope yamemganda mpaka magotini, akakaa sakafuni kando ya kitanda akilia kwa sauti, mpaka wagonjwa wengine wakageuza nyuso. Mzee hakumwambia, "Kwa nini hukuniambia?" Alimwondolea matope kwenye buti kwa kijiti, taratibu, kama alivyozoea.

Baadaye, mume alipokwenda kushughulikia mazishi, alikuja muuguzi na sahani ya vyombo vyake, mwanamke kijana, akavuta pazia la wodi kuwazunguka. Akamwonyesha mzee mlango, kwa adabu. Mzee akatikisa kichwa. Akamwambia muuguzi huyu ni mtoto wangu, akakileta kiti karibu, akakaa akimtazama mkwe wake usoni. Machozi yalikuwa yakimshuka na hakuyafuta.

"Anauliza damu ni nyingi au kidogo."

"Inapungua."

"Ina mabonge?"

"Jana. Leo hakuna."

"Anauliza kidonda kinachoma ukienda haja ndogo."

"Kinachoma, baba."

Akalisema. Akauliza yote, moja baada ya moja, hakufupisha hata neno, na pale muuguzi alipolainisha sauti yeye pia alilainisha. Mpaka wakafika mwisho, na mwanamke akasema kuna jambo hakuulizwa.

"Sema, mama."

"Mwambie maziwa yanatoka. Tangu alfajiri. Nguo yote imelowa. Muulize niyafanye nini."

Mzee alimgeukia muuguzi. Akamuuliza kama alivyoambiwa. Muuguzi akajibu pole pole, akionyesha kitambaa cha kufunga kifua.

"Anasema ujifunge, usiyakamue. Anasema yatauma. Anasema yatakauka yenyewe."

"Lini?"

Mzee akauliza hilo nalo.